Kuhesabu Vipuri vya Elektroniki kwa Kompyuta

Mimi ndimi mtunza stoo wa Chama cha Sayansi. Muhula uliopita taa zetu tatu za LED ziliungua, kwani daftari langu lilisema "rezista" tu. Ya omu 22 ikashikwa badala ya 220. Basi nikatafuta programu. PartKeepr niliipita, maana watungaji wake wameacha kuiendeleza. InvenTree na Part-DB zote ni za bure, nazo zaweza kukaa katika kompyuta yetu wenyewe. Nilichagua InvenTree: kila kipuri huandikiwa kipimo, droo yake na akiba isiyopasa kupunguzwa. Tena orodha yote hutolewa kama jedwali, tusifungwe na programu moja. Kuhesabu kulinila Jumamosi mbili! Aliyechukua rezista 6 juzi bila kuandika, namngoja stooni.