Kutu Inayokula Mali ya Umma Karagwe na Kyerwa

Msafiri aingiaye Karagwe kwa njia ya Kyaka hufurahia lami hadi Bugene. Akishaiacha lami hiyo na kushika barabara za vijijini kuelekea Kyerwa, haichukui saa moja kabla gari lake halijageuka rangi. Wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu. Wakati wa masika ni tope jekundu lililo zito kama udongo wa mfinyanzi. Tope hilo huingia nyuma ya bampa, chini ya ngazi za kupandia, ndani ya pembe za keria na katika vishikio vya madumu ya mafuta. Gari huoshwa ubavuni likang'aa, lakini tope lililojificha hubaki na unyevu wake kwa siku nyingi. Hapo ndipo kutu inapoanza kazi.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba tunazungumza habari ya mbali isiyowahusu. Wao wanaijua kutu kuliko mtu yeyote wa bara. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu huharakisha kuliwa kwa chuma. Karagwe hakuna bahari, lakini kuna tope linaloshika maji kama sifongo. Sababu ni mbili, hasara ni ile ile. Tena yuko adui wa tatu ambaye hutua katika bandari za Dar es Salaam na Unguja akiwa tayari ndani ya gari: magari yaliyotumika Japani katika sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Mnunuzi hutazama viti na rangi. Afadhali angelala chini akaitazama chesisi.

Wapo wanaojifariji kwamba Land Rover haishiki kutu. Ni kweli nusu. Tangu gari hilo lilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma cha pua kikiwa adimu Uingereza baada ya vita, sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Lakini chesisi ni ya chuma, na karibu kila kilichofungwa baadaye, kuanzia keria hadi ndoano ya kukokotea, ni chuma vilevile. Pale chuma kinapogusana na alumini penye maji, alumini nayo huanza kuliwa, ikatoa unga mweupe chini ya rangi. Kwa hiyo fundi mwangalifu huweka kipande cha mpira kati ya metali hizo mbili.

Sasa tuseme lile linalotukera. Katika baadhi ya yadi za magari ya umma kuna desturi ya kupaka rangi mpya kila inaposikika kwamba mgeni mkubwa yu njiani. Kutu haikwanguliwi, hufunikwa. Tulipata kuona keria iliyopakwa rangi nyeusi ya kupendeza. Fundi alipoigonga kwa mpini wa bisibisi, rangi ilidondoka kama ganda la yai na mpini ukapenya ndani ya bomba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huinua rangi kutoka chini na kuipasua. Kupaka rangi juu yake ni kuiwekea paa.

Kazi halali haina uchawi. Kwanza kifaa kifunguliwe kutoka kwenye gari, kwa kuwa kutu mbaya zaidi iko mahali kilipofungwa. Kioshwe kwa sabuni mpaka mafuta na tope viishe, kikaushwe. Ndipo brashi ya waya na msasa vifanye kazi mpaka chuma cheupe kionekane. Na pale kutu ilipojichimbia mashimo, asidi ya fosfori hutumiwa kuigeuza kuwa tabaka gumu lisiloendelea kula. Chuma kilichokwisha kuwa chembamba kama karatasi kisipakwe, kikatwe na kuchomelewa kipya. Rangi ya awali ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyo hiyo, maana chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja katika umande wa nyanda hizi huamka na wekundu. Baada yake zifuate tabaka mbili nyembamba za rangi ya juu, si moja nene. Mashimo ya kutolea maji yasizibwe. Na fundi apewe miwani na barakoa: magari ya zamani yaweza kuwa na rangi yenye risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, na haifai kusuguliwa kavu.

Si nchi ngeni kwa chuma hii. Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, Karagwe ilikuwa na vifaa vya kifalme vya chuma, zikiwamo sanamu za ng'ombe, na baadhi ya vifaa hivyo leo vimehifadhiwa Ujerumani. Kyerwa nayo imechimbwa bati tangu enzi za Waingereza, na bati ndilo lipakwalo juu ya mikebe ya chuma isishike kutu. (Mabati ya mapaa yetu, pamoja na jina lake, yamepakwa zinki.)

Tunawaomba wakuu wa idara waitazame kalenda. Kiangazi cha Karagwe na Kyerwa ni Juni hadi Agosti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Fungu la matengenezo likikawia hadi Septemba, mvua za vuli zimekwisha kuingia, na rangi inayopakwa juu ya chuma chenye unyevu ni fedha iliyotupwa. Basi msasa, rangi ya awali na boliti mpya ziagizwe mapema, na zitajwe kwa majina yake katika makadirio, zisifichwe chini ya neno "mengineyo".

Gari la wagonjwa likinasa topeni usiku na mama mjamzito akiwa ndani, huvutwa kwa ile ndoano ya nyuma. Ikiwa ndoano imeliwa na kutu chini ya rangi nzuri, itakatika wakati mnyororo umekazwa, na kipande chake kitaruka kwa nguvu kuelekea kwa wale waliokuja kusaidia. Dereva anaweza kuichunguza leo kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Akisikia hiyo ya pili, aandike katika daftari la gari, na afisa usafirishaji aisome.