Jungfraujoch kwa siku moja: kinachomlinda msafiri ni muda, si nguvu

Treni ya kwenda Jungfraujoch, nchini Uswisi, huondoka kituo cha Eigergletscher kilicho mita 2,320 juu ya usawa wa bahari, huingia ndani ya mlima Eiger, na baada ya karibu nusu saa ya giza la handaki humshusha abiria kwenye mita 3,454. Hakuna kituo cha reli kilicho juu zaidi ya hicho barani Ulaya. Abiria huyo asubuhi hiyohiyo alikunywa chai Interlaken, mji ulio chini ya mita 600. Hakutembea, hakubeba mzigo, hakutoka jasho. Anashuka kwenye behewa, anazikuta ngazi za kwanza, na kabla hajazimaliza amesimama kuvuta pumzi, moyo ukimwenda mbio asijue kwa nini.

Waliopanda Kilimanjaro wanaujua urefu wa namna hiyo. Vibanda vya Horombo, kwenye njia ya Marangu, viko mita 3,720, na mpandaji huvifikia siku ya pili, akiwa amelala Mandara kwenye mita 2,720 na kuambiwa na waongozaji “pole pole” mpaka neno lenyewe likamkaa kichwani. Jungfraujoch inakaribia urefu huohuo bila kulala njiani na bila pole pole. Hata hivyo, makundi ya watalii hupelekwa huko kila siku na waongozaji wao, wazee kwa watoto, na wengi mno hurudi hotelini salama. Sababu yake haielezwi vya kutosha kwenye vipeperushi vya safari: watu hao hushuka kabla mwili haujapata muda wa kuugua.

Suala hili lilichunguzwa kabla handaki halijachimbwa. Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa viwanda kutoka eneo la Zürich, alibuni njia ya reli hiyo mwaka 1893. Serikali ya Uswisi ilitaka kujua kama kumpandisha binadamu haraka kiasi hicho kungemdhuru, na kazi hiyo akapewa Hugo Kronecker, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Bern. Hofu haikuwa ya bure. Mwaka 1891 daktari kijana, Jacottet, alikuwa amebaki kwenye kibanda cha Vallot, karibu na kilele cha Mont Blanc, akafia hukohuko baada ya kulala juu; mwili wake ulipopasuliwa, mapafu yalikutwa yamejaa maji.

Mwaka 1894 Kronecker aliwachukua watu wa umri mbalimbali, kuanzia mtoto hadi mzee, akaagiza wabebwe kutoka upande wa Zermatt hadi kwenye uwanda wa Breithorn, kama mita 3,750. Walibebwa kwa makusudi, kwa kuwa abiria wa treni naye habandui mguu. Aliwapima mapigo ya moyo na pumzi, akaona kuwa wakiwa wametulia walistahimili, lakini kazi ndogo tu iliwachosha kupita kiasi. Akahitimisha kuwa mtu mwenye afya anaweza kupandishwa bila madhara, mradi asikae juu zaidi ya saa chache. Uchimbaji ulianza 1896 na reli ikafunguliwa tarehe 1 Agosti 1912, Guyer-Zeller akiwa ameshafariki tangu 1899. Katika sayansi ya milima kuna majaribio machache yaliyozeeka vizuri kama hilo.

Ili kuelewa kwa nini alikuwa sahihi, tuanze na hewa yenyewe. Wengi hudhani kuwa mlimani oksijeni “imepungua” kwa maana ya kubadilika mchanganyiko. Haibadiliki. Pwani ya Mombasa au juu ya Jungfraujoch, oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na ile ya chini hubanwa na iliyo juu yake, kama gunia la chini kabisa katika shehena ya ghalani. Ukipanda, mzigo ulio juu yako unapungua, hewa inatawanyika, na kila pumzi inaingiza chembe chache zaidi za oksijeni. Kwenye mita 3,454 mgandamizo ni kama theluthi mbili ya ule wa usawa wa bahari.

Mwili hugundua upungufu huo mara moja. Pale ambapo mshipa mkuu wa shingo unagawanyika, kila upande, kuna kifundo kidogo cha chembe zinazoonja damu na kupima oksijeni yake. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi vihisio vya sehemu hizo vinavyoongoza upumuaji. Oksijeni ikishuka, vifundo hivyo vinautaarifu ubongo, pumzi zinakuwa nzito na za haraka, moyo unaongeza mapigo. Pamoja na juhudi zote hizo, oksijeni ya damu inayosomeka kwa kile kipimo cha kubana kidole, ambayo pwani huwa asilimia 95 na kuendelea, huko juu mara nyingi huwa kati ya 85 na 92 kwa mtu mzima wa afya. Akipanda ngazi kwa haraka hushuka zaidi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwongozaji alijue kwa moyo. Kuhema kwa kasi huleta oksijeni, lakini pia hufukuza hewa ukaa kutoka kwenye damu. Hewa ukaa ndiyo inayoipa damu kiasi chake cha asidi. Ikipungua, damu inaegemea upande wa alkali, na ubongo, kwa kulinda mizani hiyo, unaanza kuzuia upumuaji uleule uliokuwa unauhitaji. Anayeweza kuufungua mkwamo huo ni figo, kwa kutoa baikaboneti kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Dawa ya asetazolamaidi, ambayo madaktari huwaandikia baadhi ya wapandaji, huharakisha kazi hiyohiyo ya figo. Ama chembe nyekundu za damu, homoni ya kuziongeza hupanda ndani ya saa chache, lakini chembe zenyewe huchukua wiki kuongezeka kwa kiasi cha kutosha.

Kwa hiyo msafiri wa siku moja hazoei chochote. Akijisikia nafuu baada ya saa moja, ni kwa kuwa ameketi, amekunywa chai, ameacha kukimbilia picha. Figo zake ndiyo kwanza zimeanza.

Ugonjwa wa mwinuko wenyewe, ambao mara nyingi huwapata watu waliopita mita 2,500, hutumia muda kujitokeza: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu huanza kwa kawaida kati ya saa 6 na 12 baada ya kufika, ingawa wapo wanaoupata mapema zaidi. Maji kwenye mapafu, kama yaliyomuua Jacottet, huja mara nyingi usiku wa pili. Ziara ya kikundi hukaa juu saa mbili au tatu. Kijana mwenye misuli hana kinga kumshinda bibi yake; mara nyingi kijana ndiye huumwa, kwa sababu ndiye aliyekimbia kwenye theluji.

Yapo matukio ambayo hayasubiri saa hizo 6. La kwanza ni kuzimia. Mtu mwenye afya kamili anaweza kuanguka ghafla katika saa za mwanzo, hasa akisimama baada ya mlo mzito au pombe, kwa kuwa mishipa imelegea na damu nyingi imekwenda tumboni. Alazwe chali, miguu iinuliwe, na kwa kawaida huzinduka haraka. Akishazinduka ashushwe kwa treni inayofuata. Wengine huhisi ganzi na mchonyoto kwenye vidole na midomo. Hiyo ni hewa ukaa iliyofukuzwa na pumzi za haraka, na kutulia kunaiondoa. Haja ndogo pia hubisha hodi mara kwa mara, kwa baridi na kwa mwinuko pamoja, na ndiyo maana mtu hukaukiwa bila kuhisi kiu.

Masikio huziba njiani, na mwenye mafua huumia zaidi. Mtoto mchanga anyonyeshwe treni inapopanda na inaposhuka. Kumeza ndiko kunakomfungulia masikio. Akilia mfululizo huko juu, wazazi wasimalizie mzunguko wa picha kwanza. Hawezi kuwaambia kuwa kichwa kinamuuma.

Nani basi aulize daktari kabla ya kukata tiketi? Mwenye maumivu ya kifua yanayokuja akifanya kazi, aliyepata shambulio la moyo karibuni, mwenye moyo uliochoka, mwenye ugonjwa wa mapafu unaomkosesha pumzi hata kwenye ardhi tambarare, na mjamzito mwenye tatizo lolote. Shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa dawa kwa kawaida si kizuizi. Dawa ziendelee kumezwa kama kawaida. Mvutaji sigara ajue kuwa kaboni monoksidi ya moshi wake imeshaikalia sehemu ya hemoglobini kabla hajafika mlimani.

Kundi moja linahitaji kutajwa kwa sauti kubwa kuliko linavyotajwa Ulaya: wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na familia zetu zilizohamia Uswisi, Ujerumani au Uingereza zimekwenda nao katika vinasaba vyao. Oksijeni ikishuka, hemoglobini ya selimundu huungana ndani ya chembe nyekundu, chembe hujikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Ukiongeza baridi na kukaukiwa maji, yamekutana mambo matatu yanayojulikana kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huu. Mgonjwa wa selimundu asipande huko bila daktari wake kuridhia. Hata mbebaji, yule aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja na hajawahi kuugua, anaweza kwa nadra kupata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, damu ikiwa imekatika kwenye wengu. Wengi hawajui kama ni wabebaji. Kipimo chake ni cha damu, ni rahisi, na ningeshauri familia yoyote inayopanga milima mirefu ianze nacho.

Jua la Alpi huwadanganya hata waliokulia chini ya jua la ikweta. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya miale inayoipiga. Macho hupigwa kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Asiyevaa miwani nzito ya jua huenda asihisi lolote mlimani. Saa kadhaa baadaye macho yanawaka kama yametiwa mchanga, yanatoa machozi, hayavumilii taa. Hayo ni majeraha ya jua kwenye kioo cha jicho, na hupona yakipumzishwa kwa siku moja au mbili. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi dhidi ya kuungua. Macho meusi hayana msamaha huo.

Baridi nayo ina hesabu yake: joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo Interlaken kukiwa na nyuzi 22, Jungfraujoch kunaweza kuwa na nyuzi 3 tu, kabla upepo haujavuma. Viatu vya wazi havifai hata Julai.

Yote haya hayapunguzi thamani ya safari. Ukipanda lifti kwenye jengo la Sphinx, hadi roshani iliyo mita 3,571, unaona mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote ya Alpi, zaidi ya kilomita 20, ukiteremka kati ya miamba. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na barafu yake inapungua. Jirani na hapo kuna kituo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1931, ambako hewa ya Ulaya hupimwa mbali na moshi wa miji. Ni mahali pa kutazama kwa utulivu, na utulivu ndio mwili unaoutaka pia: hatua fupi, vituo vingi, maji, chakula chepesi, pombe isubiri jioni.

Mwongozaji mzuri hutangaza saa ya kushuka kabla ya kupanda, na huuliza hali za watu faragha, si mbele ya basi zima. Akimwona mtu anapepesuka, anaongea ovyo, au anahema akiwa ameketi, haangalii tena ratiba. Ashuke naye. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na Jungfraujoch ina bahati ambayo vibanda vya Kilimanjaro havina, maana treni ya kushuka ipo muda wote wa mchana.

Hatari halisi huja pale safari ya siku moja inapogeuzwa kuwa ya kulala. Kutoka kituoni kuna njia ya theluji ya karibu saa moja hadi kibanda cha Mönchsjoch, zaidi ya mita 3,600, na kijana aliyependezwa na mandhari anaweza kuamua palepale kulala huko. Kikomo cha saa chache alichoweka Kronecker hakimlindi tena. Anayetaka usiku huo alale kwanza chini zaidi, kwa mfano Kleine Scheidegg kwenye mita 2,061, na asubuhi ajiulize kama kichwa ni chepesi kabla hajaingia kwenye treni.