Wi-Fi Imeshika, Mbona Intaneti Haiji?

Wengi wanaofunga intaneti nyumbani hulalamika jambo moja: kompyuta inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kinachowachanganya ni kudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya kompyuta na ruta, basi. Intaneti huingia kwenye ruta kwa njia yake nyingine, iwe ni waya wa faiba au laini ya simu. Njia moja yaweza kuwa nzima huku nyingine imekatika.

Tuanze na kompyuta yenyewe. Zile za kupakata karibu zote zina kipokezi cha Wi-Fi ndani. Za mezani, hasa zilizokwisha kutumika maofisini, mara nyingi hazina, kwa hiyo utanunua adapta ndogo ya kuchomeka kwenye USB. Hapo ndipo watu hukwama: adapta inataka draiva, na draiva iko kwenye intaneti ambayo bado huna. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Hakikisha waya huo unapitisha data, maana baadhi ya nyaya za bei rahisi hupitisha umeme tu.

Adapta ikitambuliwa, bofya alama ya mtandao iliyo karibu na saa, chagua jina la mtandao wako, uandike nywila. Kama unatumia bando, usiishie hapo. Windows 10 na 11 hupakua masasisho makubwa bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uiarifu kwamba unalipia kwa kadiri ya matumizi.

Kurasa zikigoma, zima data ya simu yako na uiunge kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Nayo ikigoma, tatizo huenda liko kwenye ruta au nje ya nyumba: angalia bando, zima na kuwasha ruta, kisha mpigie mtoa huduma. Simu ikifungua, mgonjwa ni kompyuta. Tazama anwani yake ya IP. Ikianza na 169.254, ruta haikuipa anwani, imejipangia yenyewe. Zima Wi-Fi na uiwashe tena. Kwenye kompyuta kuukuu kagua tarehe pia. Betri ndogo ya kwenye mothabodi ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma, na kivinjari hukataa kufungua tovuti za benki na barua pepe kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika.

Suala la mahali pa kuweka ruta halipewi uzito unaostahili. Mara nyingi huachwa pale waya ulipoingilia, kwenye kona nyuma ya televisheni. Iweke katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji, tenki la maji na kioo kikubwa cha kujitazamia, kwani chuma na maji hudhoofisha mawimbi, na kioo hicho huyarudisha. Zege lenye nondo ni kizuizi kikubwa, na kuta nene za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, nazo ni hivyohivyo. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi ukutani; ya gigahezi 2.4 hufika mbali, ila kwenye maghorofa yamejaa ruta za majirani. Ukibanwa huko, jaribu chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani.

Mwisho, nywila, na hapa nasisitiza kwa dhati. Ziko mbili. Ya Wi-Fi wengi wanaijua. Ya mipangilio ya ruta, ambayo huingiwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani. Anayeipata anaweza kukuelekeza kwenye kurasa bandia bila wewe kujua. Badilisha zote mbili, kisha chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama ruta yako haina WPA3. WEP usiiguse, udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001.