Tusihamie Nyumba Mpya na Ukungu wa Zamani



Huku Nyakitonto, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo, kazi ya kujenga hufanyika kiangazi. Matofali hufyatuliwa na kuchomwa, kuta hupandishwa, na mara nyingi bati la mwisho hupigwa misumari wakati mawingu yameshaanza kukusanyika. Ndiyo maana familia nyingi huhamia nyumba mpya katika miezi ya mvua, ambayo huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Sanduku la nguo, godoro, magunia na madaftari ya watoto hutolewa katika nyumba kuukuu, hubebwa kwa baiskeli, na kurundikwa katika chumba ambacho ukuta wake bado una maji. Baada ya wiki chache mama hufungua sanduku na kukuta kitenge chake cha Jumapili kina madoa meusi na harufu ya uvundo.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka minne ambaye kila usiku alikohoa, na kifua chake kikilia kama filimbi. Ilikuwa wiki ya tatu tangu wahamie. Majirani walikwisha kumwambia kwamba kiwanja kile si kizuri, na kwamba yuko mtu aliyeyaonea wivu mabati yao. Tulipomwuliza mtoto hulala wapi, alisema hulala juu ya godoro lililoloa siku ya kuhama na kuanikwa nusu siku tu. Upande wa chini lilikuwa limejaa ukungu. Mtoto alikuwa na pumu. Alipewa dawa, godoro likaondolewa, madirisha yakawa yanafunguliwa mchana, na usiku wao ukatulia. Yule aliyenong'onwa kijiji kizima hakuwa na kosa lolote.

UKUNGU NI KITU GANI?

Ukungu ni jamii ya kuvu, yaani viumbe hai vidogo sana. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana kwa macho, nazo zimo hewani kila mahali. Ili ziote zinahitaji unyevu na chakula. Chakula chake ni nguo, karatasi, ngozi, mbao, nafaka, hata vumbi la kawaida lililo ukutani. Mbegu na chakula hatuwezi kuviondoa vyote duniani, lakini unyevu tunaweza kuuondoa. Kitu kilicholoa kikikaushwa vizuri ndani ya siku moja au mbili, kwa kawaida ukungu haupati nafasi ya kuota.

Watu wengi ukungu huwaletea mafua yasiyokwisha, macho kuwasha na kikohozi. Mwenye pumu huweza kubanwa kifua. Watoto wachanga, wazee na watu wenye upungufu wa kinga wasipewe kazi ya kusafisha vitu vyenye ukungu. Vilevile wale waliougua kifua kikuu zamani wajihadhari. Ugonjwa ule huweza kuacha mashimo katika mapafu hata baada ya mtu kupona, na kuvu huweza kuota humo. Mtu wa namna hiyo akianza kukohoa damu aende hospitali mara moja apimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua. Asijitibu nyumbani.

MAANDIKO YANATUSAIDIA

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13 na ya 14, kuna maagizo juu ya madoa ya kijani au mekundu yanayotokea katika mavazi, ngozi na kuta za nyumba. Wataalamu wengi wa Biblia huona kwamba hayo ni ukungu. Kuhani alikagua vazi, akalitenga siku saba, akalikagua tena. Doa lililoenea, vazi lilichomwa moto. Ambalo halikuenea lilifuliwa na kutengwa siku saba nyingine. Kuhusu nyumba, vitu vyote vilitolewa nje kwanza kabla kuhani hajaingia kuitazama.

Sisi tufuate utaratibu huohuo: kutoa nje, kukagua, kuosha, kukausha, kusubiri na kukagua tena. Kabla ya kuhama, chagua siku ya jua utoe vitu vyote nje. Kilicho kizima kiwekwe upande mmoja, chenye ukungu upande mwingine. Usivichanganye katika sanduku moja, maana ukungu huambukiza.

JINSI YA KUSAFISHA

Fanyeni kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni, na mfunge kitambaa safi puani na mdomoni. Usipige-pige kitu kikavu chenye ukungu, kwa sababu vumbi lake litaruka na kuingia kifuani. Kilowanishe kidogo kwanza, kisha ukifute au ukisugue.

Nguo na mashuka: Fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, anika juani mpaka vikauke kabisa, halafu piga pasi. Usikunje nguo yenye unyevu hata kidogo. Doa likibaki lakini harufu imekwisha na halienei, nguo hiyo inavaliwa.

Vyombo, meza na vitanda: Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, kisha kausha. Kwa plastiki au sakafu ya saruji unaweza kutumia maji ya Jik, kikombe kimoja cha chai katika lita 4 za maji. Usichanganye kamwe Jik na siki au dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana hutoa hewa yenye sumu.

Magodoro: Kama ukungu uko kwenye foronya yake tu, ifue, na godoro lianikwe siku kadhaa likigeuzwa. Ukungu ukiwa umeingia ndani ya sponji, hakuna sabuni itakayoufikia. Godoro hilo liachwe. Usilichome karibu na watu, moshi wake ni sumu. Godoro la majani ni rahisi zaidi: tupa majani, fua gunia, jaza majani mapya makavu.

Chandarua chenye dawa: Hiki kina masharti yake. Kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kisitiwe Jik, na kianikwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Usikifulie mtoni wala kumwaga maji yake humo, utaua samaki.

Vyeti na vitabu: Tandaza kivulini penye upepo, na vikikauka futa ukungu taratibu kwa kitambaa laini. Kadi ya kliniki na vyeti vihifadhiwe katika mfuko wa plastiki vikiwa vikavu. Cheti cha ubatizo kikiharibika usihuzunike, jina lako limo katika kitabu cha parokia uliyobatizwa.

Dawa: Vidonge vilivyolowa, kubadilika rangi au kushikamana visinywewe. Virudishwe zahanati upewe vingine.

CHAKULA CHENYE UKUNGU

Hapa ndipo penye uchungu zaidi. Mtu aliyehama hana akiba kubwa, na gunia la mahindi ni jasho lake. Hata hivyo, kuvu nyingine huacha katika mahindi na karanga sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha, kupika, kukaanga wala kusaga. Huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipata msiba wa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe, na yasipewe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu huingia katika maziwa. Yasipikiwe pombe pia. Karanga zichambuliwe: zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitupwe zote. Muhogo mkavu ulioota ukungu baada ya kuloa njiani nao utupwe.

Kama hujui mahindi yako yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, kisha tikisa. Chumvi ikishikamana na chupa, yarudishe juani.

NYUMBA YENYEWE

Ukiweza, subiri lipu ikauke kabla ya kuhamia. Ukishindwa, fungua madirisha kila siku mvua isiponyesha. Chimba mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali na msingi. Magunia na masanduku yawekwe juu ya chanja au matofali, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite. Wala msiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kukausha ukuta. Hewa ya mkaa haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Padre anapokuja kubariki nyumba yenu mpya, akute madirisha yamefunguliwa na magodoro yameanikwa. Na mtoto akikohoa usiku, mleteni hospitali kabla hamjamnyooshea jirani kidole. Kinga ni bora kuliko tiba. Mungu awabariki katika makao yenu mapya.