Tahajia kwa Watoto Wadogo: Kosa Lina Asili Yake

Utangulizi

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo. Kauli hii ni kweli kwa kiasi kikubwa, kwani irabu zake tano hazibadiliki na takriban kila herufi ina sauti yake. Hata hivyo, mwalimu anayeikumbatia bila tahadhari huenda akamdhulumu mwanafunzi wake. Mtoto aandikapo “mutu”, “thahabu” au “gali” huambiwa kuwa ni mzembe, ilhali ameandika alichokisikia. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba makosa ya aina hii yana mantiki, na kwamba mwalimu aijuaye mantiki hiyo huyarekebisha kwa wepesi zaidi.

Chanzo cha Makosa

Mtoto wa Kenya hukutana na mifumo kadhaa ya maandishi kwa wakati mmoja. Katika Kiingereza, herufi “th” huwakilisha sauti mbili: ile ya neno “think”, ambayo Kiswahili nacho huiandika “th” kama katika “thamani”, na ile ya neno “this”, ambayo Kiswahili huiandika “dh”. Katika maandishi ya Kikuyu, “th” huwakilisha sauti hii ya pili. Basi mtoto aandikaye “thahabu” ameisikia sauti barabara, ila ameivika herufi za lugha nyingine. Vivyo hivyo, “g” ya Kikuyu hutamkwa kwa namna inayokaribiana sana na “gh” ya Kiswahili. Ndiyo maana “ghali” huwa “gali”.

Kosa la “mutu” nalo lina historia. Kiambishi “m-” ni ufupisho wa “mu-”, ambao umesalia katika maneno kama “muundo” na “muuguzi”, na ambao hugeuka “mw-” katika “mwana” na “mwizi”. Lugha nyingi za Kibantu hazikuufanya ufupisho huo. Wakamba, kwa mfano, husema “mundu”.

Yapo pia maneno yanayolitatiza sikio lenyewe, hasa yale yenye herufi zinazorudiwa, kama “kataa”, “mmoja” na “nne”. Katika usemi wa haraka, mtoto huisikia sauti moja mahali palipo na mbili.

Mbinu za Kufundishia

Kwanza, maneno yafundishwe kwa makundi ya tatizo moja. Imla ya maneno kumi yasiyohusiana hupima tu kile ambacho mtoto hajafundishwa.

Pili, silabi zipigiwe makofi. “Kata” ina makofi mawili, nayo “kataa” ina matatu. Kwa kuwa shadda ya Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mtoto ataisikia ikihama kutoka “ka” hadi “ta”, naye atatambua kwamba ipo irabu nyingine mwishoni. “Mtu” ina makofi mawili, “mmoja” matatu. “Ndege” ina mawili tu, kwani “n” yake haisimami peke yake kama ile ya “nchi”.

Tatu, tofauti ya sauti ishikwe kwa mwili. Mtoto aweke kidole kooni: akitamka “dh” atahisi mtetemo, akitamka “th” hatauhisi.

Nne, tofauti ya herufi iambatanishwe na maana. “Dhana” si “zana”, na aliyekata mti si aliyekataa mti. Hata ritifaa ya “ng'ombe” hueleweka zaidi neno hilo linapowekwa kando ya “ngoma”.

Hitimisho

Mwalimu anapokutana na “thahabu” daftarini, heri amwombe mtoto alisome neno lake kwa sauti kabla ya kulikata kwa wino mwekundu. Akilitamka sawasawa, tatizo li katika herufi. Asipolitamka sawasawa, li katika sauti. Haya ni matatizo mawili, na tiba zake ni mbili. Mtoto anayeadhibiwa kwa yote mawili kwa namna moja hujifunza jambo moja tu: kuyakwepa maneno asiyoweza kuyaandika. Insha zake za baadaye zitakuwa na tahajia safi na msamiati finyu.