Siti za ngozi Moshi: kazi ya ufundi, malipo ya kuosha

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani Uchagani, na kila Desemba vijana wanaoosha magari mjini Moshi hushika fedha ambayo miezi mingine hawaioni. Gari limetembea zaidi ya kilomita 500. Watoto wamemwaga juisi nyuma, vumbi limeingia kila kona, na kesho yake gari hilo linatakiwa kupanda Kibosho, Machame, Marangu au Rombo, ambako kuna harusi, ubatizo na majirani wenye macho. Mwenye gari anataka ling'ae nje na ndani. Kijana anatoa chupa, anapuliza, anafuta, na siti za ngozi zinang'aa mpaka unajiona.

Miezi sita baadaye siti hizo zimeanza kupasuka, na hakuna anayekumbuka ile chupa.

Kuosha magari ni biashara inayojulikana na kila msomaji wa Moshi. Kijana mwenye mashine ya presha, ndoo, sponji na eneo lenye maji ameshaanza kazi. Kilichobadilika ni gari lenyewe. Zamani siti ya kitambaa ndiyo ilikuwa kawaida, na ngozi ilikuwa ya magari ya wakubwa. Leo Harrier, Prado, Alphard na Crown zinazoagizwa Japani zikiwa zimeshatumika huingia na siti za ngozi, au nusu ngozi na nusu kitambaa, na wanaozimiliki ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mbao na wa mitumba. Nyingi zimeshavuka miaka kumi. Ushuru wa ziada wa umri upo, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, lakini bei ya kununulia gari kuukuu huko ng'ambo ni ndogo kiasi kwamba mnunuzi bado anaona amepata nafuu. Asichohesabu ni kwamba ngozi nayo ina umri, na jua la Moshi si jua la Japani.

Mfanyabiashara mmoja anayeosha magari upande wa Majengo, aliyeomba jina lake lisiandikwe, ana malalamiko ambayo ukiyasikiliza mpaka mwisho unaona biashara yote ilipokwama. Anasema mteja humlipa shilingi 5,000 kwa gari dogo na huona kwamba ndani ya bei hiyo zimo siti pia. Akimweleza kuwa kusafisha siti za ngozi ipasavyo kunachukua saa mbili au tatu, kwa dawa tofauti na brashi tofauti, mteja humwambia jirani anafanya kwa bei ileile. Ni kweli jirani anafanya. Anafanya kwa sabuni ya unga ya kufulia na kumalizia na kipulizo cha silikoni. Kwa macho ya mteja kazi zote mbili ni sawa siku hiyo, na ya jirani pengine inang'aa zaidi.

Anaongeza kuwa dawa halisi ya kusafishia ngozi haipatikani Moshi kwa uhakika. Huagiza Dar es Salaam au huletewa kutoka Nairobi kupitia mpaka wa Holili, na mara mbili amewahi kuuziwa chupa yenye lebo nzuri ambayo ndani ilikuwa na maji ya sabuni yenye harufu. Hana pa kulalamika, kwa kuwa hakupewa risiti. Aliwahi kuandika bango la bei ya peke yake kwa siti za ngozi. Aliliondoa baada ya wiki chache kwa sababu wateja walikuwa wanasoma bango na kwenda kwa jirani.

Malalamiko yake yana msingi, na msingi huo umo kwenye ngozi yenyewe. Ngozi iliyosindikwa ina uchachu kidogo kwa asili yake. Sabuni ya kufulia ni alkali. Zikikutana mara moja haidhuru sana. Zikikutana kila wiki, sabuni hudhoofisha ngozi na rangi iliyoishikilia, na ngozi hukakamaa. Tena, ngozi ya magari mengi ya kisasa haiko wazi kama ngozi ya mkoba wa zamani. Imepakwa rangi, kisha ikafunikwa na utando mwembamba wa poliurethani. Mwenye gari anayepaka mafuta ya nazi au ya mgando akidhani analisha ngozi, anapaka juu ya utando huo. Mafuta hayaingii, hubaki juu yakinata, yanadaka vumbi, na vumbi likikaliwa na kusuguliwa na suruali hugeuka msasa. Mikunjo ya siti ya dereva, pale anapoteleza kuingia na kutoka, ndiyo hupasuka kwanza.

Kazi sahihi haina miujiza. Vumbi hufyonzwa kwanza, hasa kwenye mishono. Dawa laini isiyo na alkali huwekwa kwenye brashi au kitambaa badala ya kumwagwa kwenye siti, husuguliwa taratibu sehemu ndogo ndogo, na uchafu hufutwa kabla haujakauka. Siti hukaushwa kivulini, milango ikiwa wazi. Mwisho hupakwa kinga dhidi ya mionzi ya jua, ile isiyoacha utelezi, na fundi mzuri akimaliza siti huwa imefifia kidogo, haing'ai. Hapo ndipo mteja wa Desemba anapodhani amedhulumiwa.

Maji mengi ni hatari zaidi ya uchafu. Siti zenye vitundu vidogo hupitisha maji hadi kwenye sponji ya ndani, na chini ya siti za magari haya kuna nyaya na vihisi vinavyoliambia gari kama kuna mtu amekaa. Taa ya mfuko wa hewa (airbag) ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kuosha, gharama ya kuitafutia sababu inaweza kumeza malipo ya kuosha ya mwaka mzima. Kuna vijana wanaoelekeza presha ndani ya gari. Mwenye gari akiona hivyo aliondoe gari lake hapo hapo.

Mteremko wa mlima una tatizo lake. Mji wa Moshi una joto na vumbi. Ukipanda kilomita 30 au 40 kuelekea geti la Marangu, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unaingia kwenye ukungu, migomba na mvua nyingi kuliko mjini. Magari yanayoachwa kwa wazazi huko juu, yakiwa yamefungwa vioo vyote toka masika mpaka wenyewe warudi, hukutwa na kuvu nyeupe kwenye siti na usukani. Kuvu hiyo inafutika, lakini ikishaingia kwenye mishono na sponji harufu haitoki kwa kipulizo cha manukato. Mafundi wa mjini wanasema kazi za aina hii huja Desemba tu, na huja kwa haraka: mwenye gari anataka iishe leo kwa sababu harusi ni kesho. Siti iliyolowa ikapandishwa tena kwenye baridi ya Kibosho haikauki. Kuvu inarudi.

Sehemu ya biashara hii yenye fedha ya uhakika, na inayozungumzwa kidogo, ni magari ya watalii. Land Cruiser zilizorefushwa na kufunguliwa paa hushonewa siti za ngozi bandia, na huoshwa kila zinaporudi kutoka hifadhini au kushusha wapanda mlima. Adui wa siti hizo si vumbi peke yake. Dawa za kufukuza mbu zenye kemikali ya DEET, ambazo wageni wengi hujipaka mikononi na miguuni, huyeyusha plastiki na ngozi bandia. Mahali mgeni alipoegemea mkono hubaki alama inayonata isiyofutika. Mafuta ya kujikinga na jua nayo huacha madoa. Dereva mmoja mzoefu anasema suluhisho lake ni taulo juu ya kila siti na kitambaa chenye maji kila jioni, na hajaona dawa ya dukani iliyomshinda mtu anayefuta mapema. Naamini yuko sahihi, hata kama jibu lake haliwapi wauza dawa chochote.

Siti ikishachanika, inakwenda kwa fundi wa kushona. Moshi ina mafundi hodari wa kazi hii, na wengi hutumia ngozi bandia kwa sababu ngozi halisi ya kutosha siti za gari zima ni ghali na haipatikani. Hapa kuna jambo ambalo wenye magari na baadhi ya mafundi hawalizingatii. Siti nyingi za mbele za magari ya miaka ya karibuni zina mfuko wa hewa ubavuni, na mshono wa upande huo umeshonwa kwa uzi maalumu unaokatika kirahisi ili mfuko utoke ajali inapotokea. Fundi akishona upande huo kwa uzi mgumu wa viatu, au akivisha siti kava iliyobana, mfuko unaweza kuchelewa kutoka au kutoka vibaya. Ushonaji wa namna hiyo ni mzuri kwa macho na mbaya kwa maisha.

Ukiuliza kwa nini ngozi halisi ya siti haipatikani katika mkoa wenye kiwanda cha kusindika ngozi Himo na kiwanda cha viatu na bidhaa za ngozi Karanga, ofisa mmoja anayehusika na biashara mkoani, ambaye naye hakutaka kutajwa, anajibu kwa takwimu ya mifugo: Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na ni miongoni mwa nchi zinazoongoza Afrika. Kwa maelezo yake malighafi ipo, viwanda vipo, soko la ndani linakua, na siku si nyingi siti za magari zitashonwa kwa ngozi ya hapa.

Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini haijibu swali. Siti ya gari inahitaji vipande vikubwa visivyo na kovu. Ng'ombe wetu wengi ni wadogo kwa umbo, wanachomwa chapa ubavuni, wanachanwa na miiba na kuumwa na kupe, na mwisho ngozi hutobolewa na kisu cha mchunaji au huharibika kwa kuanikwa vibaya. Ngozi ya namna hiyo inatosha viatu na mikanda, kwa kuwa fundi hukata vipande vidogo akikwepa makovu. Kwa siti haitoshi. Idadi ya ng'ombe imetajwa kwenye hotuba za sekta ya ngozi kwa miaka mingi, na fundi wa siti wa Moshi bado ananunua ngozi bandia iliyotoka nje ya nchi.

Ofisa huyohuyo anataja pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024, na vikundi vya kuosha magari ni miongoni mwa wanaoweza kuiomba. Mfanyabiashara wa Majengo haipingi mikopo, ila anasema kila anayekopa hununua mashine ya presha, na mashine zikiwa nyingi mtaa mmoja bei ya kuosha hushuka. Hajasikia kikundi kilichokopa kwa ajili ya kujifunza kazi ya ngozi. Hili halmashauri ingeweza kulirekebisha kwa gharama ndogo, kwa kushirikiana na vyuo vya ufundi vilivyopo mkoani.

Upande wa kodi hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa viwango vya makadirio vya miaka ya karibuni, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi. Anayeosha magari matatu kwa siku kwa shilingi 5,000, kwa siku 300, ameshafika milioni 4.5. Asipokuwa na kumbukumbu hukadiriwa 100,000. Akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4, yaani 15,000. Tofauti hiyo ya 85,000 inatosha kununua dawa nzuri na brashi. Wahusika wa kodi wanasema elimu imetolewa. Vijana wengi wanaosha magari bila hata daftari, kwa hiyo ama elimu hiyo haikuwafikia, ama iliwafikia kwa lugha ambayo haikuwahusu.

Hali itakuwaje ni vigumu kusema. Magari yenye siti za ngozi yanaongezeka na yanazeeka, jambo linaloahidi kazi zaidi. Lakini kama bei itabaki ya kuosha, anayejua kazi atakata tamaa kabla ya asiyeijua. Huenda magari ya watalii yakalea mafundi wachache wazuri. Utalii nao huyumba, kama mwaka 2020 ulivyoonyesha.

Kwa mwenye gari anayejiandaa kupanda mlimani mwisho wa mwaka: peleka gari wiki moja kabla ya safari, uliza dawa gani itatumika, kataa presha ndani ya gari na kataa kipulizo cha kung'arisha. Kazi ya siti ilipe kwa bei yake, kando ya bei ya kuosha.