Kupanga Meno kwa Waya: Baina ya Tiba na Kubadilisha Umbile

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Maimamu na walimu wa madrasa wanaulizwa sana siku hizi juu ya waya za meno. Mzazi ameambiwa na daktari kuwa binti yake afungwe vyuma kwa muda wa miaka miwili, na kwamba kabla ya hapo meno manne mazima yatang'olewa ili ipatikane nafasi. Anakwenda msikitini kuuliza. Huyu anamjibu kuwa ni haramu, kwani ni kubadilisha umbile la Allah. Yule anamjibu kuwa ni halali, kwani ni tiba. Majibu yote mawili yametolewa pasina kuulizwa huyo mtoto ana tatizo gani mdomoni, na sisi tunaona kuwa jibu sahihi haliwezi kupatikana bila ya swali hilo.

Tuanze na dalili. Imethibiti katika Bukhari na Muslim, katika mapokezi ya Abdullah bin Masud (r.a.), laana juu ya wanawake wenye kuchanja na kuchanjwa chale za rangi, wenye kunyoa nyusi, na wenye kutenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri, kwa kuwa wanabadilisha alichokiumba Allah. Neno la Kiarabu lililotumika kwa hao wa mwisho ni al-mutafallijaat, nalo linatokana na falaj, ambayo kwa Kiswahili chetu ni mwanya. Wanazuoni wanaeleza kuwa mwanamke aliyekwisha pita umri wa ujana alikuwa akisugua meno yake ya mbele kwa tupa mpaka yaachane, ili adhaniwe bado ni msichana. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, maana mwanya kwetu umesifiwa tangu enzi za mababu. Aliyezaliwa nao hana dhambi wala hana la kufanya. Makemeo ni kwa anayeuchonga.

Sasa tuangalie lugha. Hadithi haikusema "wenye kutenganisha meno" ikanyamaza. Iliongeza lilhusni, yaani kwa ajili ya uzuri, na herufi laam hapo ni laam ya sababu. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika sherehe yake ya Sahihi Muslim alisimama juu ya neno hilo, akabainisha kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kutafuta uzuri. Ama mtu akikihitajia kwa matibabu, au kwa kasoro iliyomo katika jino, hapana ubaya. Na katika Musnad ya Imamu Ahmad imo riwaya ya Ibn Masud huyo huyo inayovua katika makatazo hayo yale yanayofanywa kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo anayetoa hadithi hii kuharamisha kila waya ameacha neno lililobeba hukumu yenyewe.

Kuna pia kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulaab zama za Jahiliya. Alitia pua ya fedha ikamtoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamuamrisha atie ya dhahabu. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na Tirmidhi akataja baada yake kuwa wanazuoni wengi walipokewa kuwa walifunga meno yao kwa dhahabu. Imamu Abu Hanifa hakuona zaidi ya fedha, na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan akaruhusu dhahabu. Angalia, ndugu msomaji: walikhitilafiana juu ya madini ya waya, si juu ya kufunga. Huko Andalusia, Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tano Hijria, alieleza katika kitabu chake at-Tasrif namna ya kusuka meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu au fedha, akaipendelea dhahabu kwa kuwa fedha huharibika mdomoni. Akaeleza pia jino lililoota pasipo mahali pake na namna ya kulikata au kulisawazisha kwa tupa.

Tofauti ni kwamba az-Zahrawi alifunga jino libaki pale lilipo, na daktari wa leo analihamisha. Jino halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Limezungukwa na nyuzi laini. Likisukumwa kwa nguvu ndogo ya kudumu, mfupa wa upande linakoelekea huliwa kidogo kidogo, na wa upande linakotoka hujengwa upya. Ndiyo maana kazi hii ni ya miezi mingi. Anayeharakisha kwa nguvu kubwa huweza kuufanya mzizi wenyewe uliwe. Na vyuma vikishatolewa meno hupenda kurudi yalikotoka, kwa hiyo mgonjwa huvaa kizuizi kwa muda mrefu.

Tukirudi kwenye hukumu, mzunguko wake ni haja. Ni nani anayejua haja? Hapa utafiti wa madaktari umewarahisishia wanazuoni kazi. Mwaka 1989 ilichapishwa huko Uingereza kanuni ya kupima haja ya kupangwa meno, yenye daraja tano. Daraja ya kwanza na ya pili ni kasoro ndogo zisizohitaji tiba. Ya tatu iko katikati. Ya nne na ya tano ndizo zenye haja ya wazi: meno ya juu yaliyochomoza mbele ya ya chini kwa zaidi ya milimita 6, jino lililokwama ndani ya mfupa, mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, na mfano wa hayo. Pembeni yake zimewekwa picha kumi za kupimia namna meno yanavyoonekana, kwa kuwa dhiki ya nafsi nayo ni dhiki.

Umuhimu wa daraja hizi unaonekana ukisoma utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2009. Wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 walikaguliwa, na asilimia 63.8 wakakutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Je, tuseme theluthi mbili ya watoto wetu ni wagonjwa? Hapana. Nyingi ya kasoro hizo, mwanya ukiwemo, ni tofauti za maumbile ambazo mtu huishi nazo, anakula na kusema bila taabu. Hao ndio ambao tungewaambia wazazi wao waache. Lakini mtoto asiyeweza kutafuna, au ambaye meno ya chini yanamchoma kaakaa, au anayeficha mdomo kwa kiganja kila akicheka, huyo hatafuti uzuri wa ziada. Anarudishwa kwenye umbile la kawaida la watu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa, ikataja mdomo wa sungura na meno ya ziada, pale zinapoleta madhara ya mwili au ya nafsi yenye uzito.

Utafiti unafaa pia katika suala la umri. Wazazi huhimizwa waanze mapema, mtoto akiwa na miaka minane au tisa, kisha arudiwe tena akibaleghe. Majaribio ya kulinganisha yaliyofanywa North Carolina, Florida na Uingereza juu ya watoto wenye meno ya juu yaliyochomoza yalionyesha kuwa waliotibiwa mara mbili hawakuwa na meno yaliyopangika zaidi kuliko waliosubiri wakatibiwa mara moja. Faida iliyobaki ni moja: waliotibiwa mapema walivunjika meno ya mbele kwa uchache zaidi. Basi mwenye mtoto mwenye kuanguka anguka ana sababu ya kuanza mapema. Asiyekuwa na sababu hiyo hana haja ya kutoa mali mara mbili, na mali nayo ni amana.

Ama kung'oa meno mazima, hilo ni zito. Diya ya jino moja katika sharia ni ngamia watano, na mwenye kujua hilo hawezi kulichukulia jino kama ukucha. Madaktari wenyewe walivutana. Edward Angle, Mmarekani aliyefungua chuo cha fani hii St. Louis mwaka 1900, alishikilia kuwa meno yote yabaki. Mwanafunzi wake Charles Tweed baadaye aliona meno yakirudi na kupindana, akahimiza kung'oa pale taya lisipotosha. Mpaka leo wanapima kila mgonjwa kivyake. Tunasema: daktari bingwa akithibitisha kuwa taya halitoshi na haja ni ya kweli, basi dhara kubwa huondolewa kwa dhara dogo, kwa idhini ya walii wa mtoto. Kung'oa kwa ajili ya kasoro ya daraja ya pili hatuoni njia yake.

Na neno "bingwa" hatukuliweka kwa mapambo. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa anachokiharibu. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Maad amepambanua: tabibu hodari aliyetimiza haki ya kazi yake, kisha likatokea dhara bila ya kuvuka mpaka, hana dhamana, mjinga aliyemghuri mgonjwa analipa. Mwaka 319 Hijria, baada ya mtu kufa Baghdad kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamuru matabibu wote watahiniwe na Sinan bin Thabit, wakapatikana zaidi ya mia nane na sitini. Majmaa nayo katika azimio lile la 2007 iliweka sharti la tabibu mwenye taaluma na sifa. Katika fani hii maana yake ni mtu aliyesomea udaktari wa meno, kwa kawaida miaka mitano, kisha akaongeza kiasi cha miaka mitatu ya ubingwa chini ya waalimu.

Waliojitia bila elimu wameacha mifano. Nchini Thailand vijana walifungwa vyuma vya urembo mitaani mpaka serikali ikapiga marufuku. Na katika maandiko ya madaktari umerudiwa mara nyingi mkasa wa mpira mdogo unaovishwa meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Kwa kuwa mzizi wa jino umechongoka, mpira huteleza chini ya ufizi usionekane, ukala mfupa, na meno mazima yakang'oka. Anayewafanyia watu hivyo kwa malipo, dhamana iko shingoni mwake hata kama mteja alikuja kwa hiari yake. Na vyuma vya kuvaliwa kwa fahari tu, pasina kasoro yoyote, vimeingia moja kwa moja ndani ya lile neno lilhusni.

Imebaki mas'ala ya ibada, nayo ni mepesi. Kusukutua kwa madhehebu ya Shafii ni sunna katika udhu na josho, kwa hiyo vyuma vilivyogandishwa havina athari. Kwa Mahanafi ni faradhi katika josho, na kwa Mahanbali ni wajibu katika yote mawili. Mwenye kufuata rai hizo azungushe maji vizuri, na kisichoweza kuondolewa kinasamehewa kwa dharura. Kile cha kuvua na kuvaa akivue. Mswaki achukue wenye nyuzi laini aupitishe juu na chini ya waya, kwani mabaki ya chakula hunasa hapo na kuozesha meno. Mwenye kufunga ajitahidi miadi yake iwe usiku au baada ya Ramadhani. Akilazimika mchana, saumu yake ni sahihi maadamu hakumeza kitu kwa kusudi. Waya uliokaa mdomoni tangu kabla ya alfajiri si chakula wala si kinywaji.

Wallahu a'lam.